Tunalipia barabara ndani ya lita, halafu barabara inakula lita: mashofere wa Lubumbashi, tuhesabu pamoja

Shofere wa Ruashi (mwenye uzi)

Wakubwa na wadogo wa humu, jambo zenu. Mimi ni shofere wa taksi-bisi, Hiace ya esansi (petroli), laini ya Ruashi kwenda mjini kwa barabara ya Kasenga. Nina miaka 14 kwenye usukani. Naandika usiku huu kwa sababu nimeingia nyumbani na pesa ya unga peke yake, wakati gari ilijaa tangu saa kumi na moja alfajiri. Abiria wapo. Pesa ndiyo inayoishia njiani, na nimechoka kuambiwa kwamba shofere hajui kuhesabu.

Bei ya pompi sitaiandika kwa faranga, maana atakayesoma uzi huu miezi miwili mbele atakuta nyingine. Nitahesabu kwa safari, kama tunavyohesabu sisi kwenye parking.

Zamani, nikiwasha gari asubuhi, safari nne za kwanza zilikuwa za esansi. Tano zilizofuata zilikuwa za versema, yaani pesa ya kila siku ya patroni mwenye gari. Mbili za resevere, yaani konda wangu, pamoja na parking na vidogo vidogo vya njiani. Kuanzia safari ya kumi na mbili nilikuwa nafanya kazi ya watoto wangu, na siku nzuri nilifika ya kumi na sita. Leo esansi inakula safari saba. Versema ni tano zile zile. Resevere naye anakula kama mimi, siwezi kumpunguzia. Zimebaki mbili, na ya mwisho usiku ni ya abiria sita au saba, viti vingine vinarudi vitupu.

Sasa angalieni nani anabeba ongezeko. Kampuni ya mafuta ikinunua ghali, inaandika kwenye hesabu zake na bei ya pompi inafuata. Serikali ina ushuru wake ndani ya lita, unaulipa kabla hujageuza ufunguo. Patroni ana versema yake, haitikisiki. Mimi niko mwisho wa mnyororo pamoja na mama anayepanda na beseni la nyanya. Nikimwongezea nauli, anashuka atembee kwa mguu. Nisipomwongezea, ninalala na deni.

Kilichonitoa usingizi hasa ni kitu kingine. Ndani ya kila lita ninayonunua kuna pesa ya barabara. Sheria iliyounda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, ni ya 2008, na mfuko huo unakula kwenye tozo ya mafuta na kwenye peaji, ile tozo ya kupita barabarani. Sina ugomvi na hilo. Barabara haijitengenezi, na anayeitumia ndiye wa kuichangia. Lakini kuna kipande ninachopita kila siku, baada ya kuacha lami, ambapo mashimo yamekaa kama meno ya mzee. Naingia shimo la kwanza kwa gia ya kwanza. Natoka, nakanyaga, gari haijashika gia ya pili, shimo la pili hili hapa. Breki. Gia ya kwanza tena. Mita 400 hivi, na mvua za Desemba zikija ni mita 400 za matope. Muulize shofere yeyote: gari inayokwenda kwa gia ya kwanza inakunywa kama ng'ombe aliyetoka machungani.

Kwa hiyo lita nimeilipia barabara nikiwa stasiyo, pale kwenye kituo cha mafuta, halafu nafika barabarani na barabara inaidai tena lita ile ile. Naomba tuhesabu pamoja. Kila mtu aseme la kwake.

Abiria wa Kila Siku

Yaya shofere, pole na kazi. Nimekusoma mpaka mwisho na nimekuhurumia, lakini acha niseme ukweli wa upande wa viti vya nyuma. Mimi ni mfanyakazi wa nyumbani, kila siku natoka Ruashi kwenda mtaa wa Golf. Zamani nilipanda mara moja mpaka mjini na mara moja tena mpaka kazini. Sasa hivi esansi ikipanda, mashofere wanakata safari. Mnatushusha katikati, mnasema gari inageuza hapa, tunapanda nyingine na kulipa upya. Njia ni ile ile na nauli imekuwa mbili.

Na jambo la pili, unijibu kwa moyo mweupe. Pompi ikipanda asubuhi, nauli inapanda kabla ya saa sita. Pompi ikishuka, mbona nauli haijui kushuka? Mshahara wangu haukuongezwa hata mara moja katika mambo yote haya. Naondoka nyumbani saa kumi na nusu usiku ili nitembee kipande cha kwanza kwa mguu, mimi na jirani yangu, na kuna giza.

Shofere wa Ruashi

Dada yangu, umenishika na sina pa kukimbilia. Ni kweli tunakata safari. Mimi mwenyewe nimekata, wiki ya mwisho wa mwezi uliopita, siku tatu. Nilikuwa na esansi ya kwenda mjini na sikuwa na hakika ya esansi ya kurudi. Ukikata katikati unapata nauli mbili kwa mafuta ya moja. Najua nani analipa ile ya pili.

Kuhusu kushuka: pompi ikishuka, tunalipa madeni kwanza. Miezi ambayo esansi imepanda tunakopa matairi kwa kwado, fundi wa matairi, tunakopa kwa mwenye vipuri, tunamwambia patroni versema ya Jumamosi nitaleta Jumanne. Bei ikipumua kidogo, ile pumzi inakwenda kwa hao wote kabla haijafika kwako. Nakueleza tu inavyokwenda, sisemi ni haki. Na kuhusu kutembea gizani, kama uko upande wangu, gari ya kwanza inatoka saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Simama pale wanapouza mikate, resevere wangu atakuwekea kiti.

Mwanafunzi Kasapa

Papa shofere, aksanti kwa uzi. Nasoma uchumi hapa chuo kikuu, na kazi niliyopewa muhula huu ilinilazimisha kusoma karatasi inayoitwa muundo wa bei ya mafuta. Ndiyo karatasi inayosainiwa Wizara ya Uchumi wa Taifa, Kinshasa, na ndiyo inayoamuru pompi. Niruhusu niifungue kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani mwenye stasiyo ndiye anayeamka na bei yake.

Juu kabisa kuna bei ya wastani mpakani. Hiyo ni bei ya soko la dunia pamoja na gharama ya kuleta mzigo mpaka mlangoni kwetu. Chini yake kuna gharama za maghala na usafirishaji wa ndani, kisha faida ya wauzaji, kisha akiba ya usalama, kisha ndipo unakutana na ushuru: forodha, ushuru wa matumizi, TVA (kodi ya ongezeko la thamani), na ile tozo ya FONER uliyoitaja. TVA ya nchi yetu ni asilimia 16, tunayo tangu Januari 2012. Jumlisha vyote, ndiyo namba unayoiona kwenye pompi.

Nchi imegawanywa kwa kanda, kwa sababu mafuta hayaingii mlango mmoja. Kinshasa inalishwa kutoka baharini kwao Kongo-Central. Goma na Bukavu wanapata ya kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Sisi wa Kusini, mzigo unapita Tanzania na Zambia, au Beira kule Msumbiji, mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ndiyo maana ukisikia kwenye redio kwamba bei imeshuka, sikiliza vizuri imeshuka kanda gani kabla hujagombana na resevere.

Sasa kuna mambo mawili yanayopandisha bei bila mtu yeyote kuongeza ushuru. La kwanza mnalijua: vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, mwezi uliofuata pipa lilipita dola 120. La pili halisemwi sana kwenye parking, nalo ni faranga yetu. Mafuta yananunuliwa kwa dola. Mwanzo wa 2022 dola moja ilikuwa kama faranga 2,000, na 2024 ikapita 2,800. Pipa lingebaki palepale bila kuongezeka hata senti, bado kilichokuwa cha faranga 1,000 kingedai 1,400. Wewe, papa, unalipwa kwa faranga na unaendesha kwa dola.

Kuna kingine. Mara nyingi serikali huzuia bei ya pompi isipande mpaka mwisho ili watu wasiumie. Basi kampuni zinauza chini ya gharama, na serikali inabaki na deni la kuwafidia, wanaliita pengo la mapato. Kwa hiyo kwenye lita moja mkono mmoja wa serikali unapokea ushuru na mkono mwingine unaandika deni. Deni likikua sana, wakopeshaji wa nje wanakuja na sharti la kupunguza ruzuku. Migodi imeshaondolewa kwenye bei ya kusaidiwa, na kwa maoni yangu hiyo ilikuwa haki, kwa sababu lori la kokoto za shaba halikustahili kupata msaada ule ule wa taksi-bisi.

Mtauliza kwa nini serikali inapenda kutoza mafuta. Kwa sababu hayajifichi. Mama wa sokoni utamfuata kwenye meza elfu kumi, lakini lori la mafuta linapita lango moja, Kasumbalesa, na forodha wamesimama pale. Ushuru mwepesi kukusanya ndio unaopendwa, hata kama unamchoma maskini zaidi. Tajiri wa Golf mwenye gari kubwa analipa tozo sawa na yako kwa lita, ila kwake ni sehemu ndogo ya mfuko. Kwako ni safari saba.

Manseba wa Bel-Air

Mimi naendesha moto, yaani pikipiki ya abiria. Nyie wa magari mnaongea juu ya stasiyo, sisi manseba wengi tunaishi kwa kadhafi, wale wanaouza esansi kwa chupa pembeni ya barabara. Si kwa kupenda. Foleni ya stasiyo ikiwa ndefu, saa mbili pale ni safari sita zilizokwenda. Halafu asubuhi huna pesa ya kujaza, una pesa ya lita moja. Kadhafi anakupa lita moja, hata nusu, na analipisha juu ya bei ya pompi. Kwa hiyo asiye na pesa ndiye ananunua esansi ghali kuliko wote. Hilo liandikwe kwenye hesabu yako, yaya.

Niwaeleze yaliyonipata mwezi wa pili. Nilinunua lita mbili kwa kijana fulani, asubuhi, kuna ukungu. Nimebeba mwanamke mwenye mimba anakwenda kliniki. Hatujafika mbali, moto ikaanza kukohoa. Ikakohoa, ikakata. Napiga kiki, inawaka, inakata. Yule mama alishuka akakaa kwenye jiwe, amejishika mgongo, hakunilaumu hata neno moja. Nikamsimamishia mwenzangu ampeleke, nauli yake nikamrudishia yote.

Fundi alipofungua mpira wa tanki, akamwaga kwenye chupa tupu ya maji na kuinyanyua kwenye jua. Mliowahi kuona mnajua. Esansi ilikaa juu, njano nyepesi, na chini yake maji, na kati yao mstari umenyooka kama umepigwa na rula. Vidole vitatu vya maji. Nililipa fundi, nikanunua esansi nyingine, siku nzima ikaisha hivyo. Ile chupa niliiweka nyumbani. Kila ninaposikia bei itapanda ninaiangalia, kwa sababu najua bei ikipanda, wanaochanganya nao wanaongezeka.

Trela la Dar

Habari zenu wakuu. Mimi ni Mtanzania, dereva wa masafa, Dar mpaka Kasumbalesa na mara nyingine mpaka Kolwezi. Nimeona mnaongelea njia yangu nikasema nichangie. Esansi yenu sisi tunaita petroli, na mazutu ni dizeli.

Kutoka Dar mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 2,000. Mipaka miwili, Tunduma na Kasumbalesa. Watu wanafikiri gharama ni mwendo tu. Kaka, gharama kubwa ni kusimama. Foleni ya Kasumbalesa unaweza kuikaa siku kadhaa, na kusimama kwenyewe si kuzima gari ukalala. Unasogea urefu wa trela moja, unasimama, unawasha tena, usiku kucha, kwa sababu ukiacha nafasi mwenzako anaingia. Dizeli inaungua na hakuna kilomita uliyokwenda. Yule mwenye mzigo anaiweka kwenye bei, na mzigo wenyewe ukiwa ni mafuta basi mnailipa nyie kwenye pompi.

Nijibu na hili la karatasi ya bei. Kwetu EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Inatoka kwa kila mji, na wanaeleza kwa nini imepanda au imeshuka, soko la dunia limefanya nini na gharama za kuagiza zimekwendaje. Zambia nao tangu 2022 wanapitia bei kila mwezi. Msidhani kwetu ni raha. Mwaka 2021 tuliongezewa tozo ya shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, watu walilia. Mwaka uliofuata, vita vya Ukraine vilipopandisha kila kitu, serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mafuta ya Juni. Tumepanda na kushuka kama nyie. Tofauti ninayoiona mimi nikiwa barabarani ni moja: dereva wa bodaboda wa Mbeya anajua ni siku gani bei itabadilika, anajipanga. Hapa kwenu nimewahi kulala na bei moja nikaamka na nyingine, na mhudumu wa pompi mwenyewe hana la kunieleza.

Shofere wa Ruashi

Trela la Dar, karibu sana, na aksanti. Hilo la siku inayojulikana limenigusa. Patroni wangu si mtu mbaya. Ningejua kwamba bei inabadilika siku fulani ya mwezi, ningekwenda kwake kabla na kumwambia tuongee versema ya mwezi huu. Sasa nakwenda kwake baada ya kuumia, na mtu anayekuja ameumia anaonekana anatafuta visingizio.

Mama Mashini

Mimi sina gari, nina mashini ya kusaga hapa Katuba, na nimekuja kuwakumbusha kwamba mafuta hayanywewi na magari tu. Umeme ukikatika, na mnajua unavyokatika, mashini yangu inakwenda kwa mazutu. Mama analeta debe la mahindi, ananiuliza kwa nini kusaga kumepanda. Mahindi yenyewe amenunua ghali, kwa sababu yamekuja na lori. Makala, yaani makaa, ya kupikia bukari (ugali) yamekuja na lori pia, au na kijana wa baiskeli aliyeona bei ya wenye lori na akaifuata. Kwa hiyo mama huyu analipa mafuta mara tatu kabla hajakaa kula: kwenye mahindi, kwenye kusaga, kwenye makala. Na hajawahi kuingia stasiyo maisha yake yote.

Juzi mmoja aliniomba nimsagie nusu debe. Nimesaga miaka mingi, nusu debe niliisaga kwa wajane tu. Sasa ni kawaida. Naona jinsi watu wanavyopunguza kupitia mdomo wa mashini yangu, si kupitia redio.

Mzee wa Kamalondo

Watoto wangu, nimeendesha magari ya kampuni miaka 31, sasa nimestaafu. Mnahangaika na tozo na mnasahau jambo kubwa. Nchi hii inachimba mafuta ghafi Muanda, baharini, tangu miaka ya 1970. Na pale pale Muanda kulikuwa na kiwanda cha kusafisha, SOCIR. Kimeacha kusafisha miaka mingi. Mafuta ghafi yanakwenda nje yote, na kila lita tunayochoma inarudi kutoka nje. Tuna shaba, tuna kobalti, na lita ya kumfikisha mtoto hospitali tunaiagiza.

Na jambo la reli. Reli ilifika mji huu kutoka Sakania mwaka 1910. Mimi nimeona mabehewa ya mafuta yakiingia hapa kwa treni, treni moja ikifanya kazi ya malori mengi. Leo kila kitu kimewekwa juu ya matairi. Ukihesabu ghali ya lita, hesabu na treni ambayo haikuja.

Mimi nasema serikali iondoe ushuru wote kwenye esansi ya usafiri wa watu. Basi.

Shofere wa Ruashi

Mzee, shikamoo, na la treni umelisema kwa niaba yetu wote. Nikiona malori hamsini yamepangana barabara ya Kasumbalesa huwa nafikiria hilo hilo.

Lakini kuondoa ushuru wote, niruhusu nikatae. Kwanza, pompi itajuaje hii ni esansi ya taksi na ile ni ya gari la harusi? Watapatikana mashofere wa kuuza esansi ya msamaha usiku, na tutarudi kwa chupa ya manseba. Pili, nani atajaza mashimo yangu? Sitaki pesa ya barabara itoke kwenye lita. Nataka niione ikifika barabarani. Mwanafunzi amesema karatasi ya muundo wa bei ipo. Basi ibandikwe kwenye ukuta wa stasiyo, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka: kwenye lita hii, kiasi hiki ni cha forodha, kiasi hiki TVA, kiasi hiki cha barabara. Na pale barabara inapotengenezwa kwa pesa hiyo, kibao kisimame kiseme hivyo. Mtu anayelipa kila siku tangu alfajiri ana haki ya risiti.

Nilisema tuhesabu, nami nisingependa kuwaletea maneno matupu. Jumapili nimefanya jaribio. Haikuwa rahisi, maana esansi ya jaribio hairudishwi na abiria. Mashofere wawili wa laini yangu walichangia, nawashukuru.

Saa kumi na mbili asubuhi tulijaza tanki mpaka shingoni. Mhudumu akaacha, tukalitikisa gari watu watatu, kushoto kulia, hewa ikatoka, bulubulu, esansi ikashuka kidogo, akaongeza mpaka ikaonekana mdomoni. Tukaandika kilomita. Gari tupu, mimi na mwenzangu mmoja wa kuandika. Tukashika barabara ya Likasi, kwenye lami, kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, mwendo wa kawaida bila haraka. Tukarudi pompi ile ile, tukajaza na kutikisa vilevile. Ilimeza lita 4.4.

Halafu tukaingia ndani, kwenye njia zetu za mashimo. Tulizunguka kipande kile mpaka watoto wa mtaa wakaanza kutushangilia kila tulipopita, wakidhani tunajifunza kuendesha. Kilomita 40 hizo hizo. Ilituchukua asubuhi nzima, na bolti moja ya kizuia mshtuko ililegea. Tukarudi kujaza. Nilikuwa nimesimama karibu na pompi, naangalia namba. Ilipita 4, ikapita 5. Mwenzangu aliacha kuongea. Ilipita 6. Ilisimama kwenye 6.7.

Tofauti ni lita mbili na nukta tatu kwa kilomita 40. Gari tupu, hakuna mvua, hakuna foleni. Mimi kila siku nakwenda zaidi ya kilomita hizo mara tatu, nikiwa nimebeba watu, na karibu nusu yake haina lami. Fanyeni hesabu: katika zile safari tatu zilizoongezeka kwenye esansi yangu, mbili zimebebwa na pompi, dola na Ukraine, sawa. Lakini karibu moja nzima ni mashimo. Hiyo haihitaji bei ya dunia ishuke. Inahitaji kokoto, lami, na mtaro wa kupitisha maji ya Januari.

Mwanafunzi Kasapa

Papa, naomba ruhusa nitumie namba hizi kwenye kazi yangu, bila jina lako. Ila jaribio moja halitoshi, mwalimu atanirudisha. Tukipata laini nne au tano, Katuba, Kisanga, njia ya Kipushi, kila mmoja akapima kwa namna ile ile, tutakuwa na kitu cha kupeleka kwa wakubwa wa mji na wakakisoma.

Abiria wa Kila Siku

Leo asubuhi nimepata kiti pale kwenye mikate. Resevere hakunidai ya katikati. Mkikusanya pesa ya jaribio jingine, sisi abiria wa saa kumi na moja tuko kumi na wawili, tutachanga.

Manseba wa Bel-Air

Mimi nitapima Jumapili hii na moto yangu, njia ya lami na njia ya ndani. Esansi nitanunua stasiyo siku hiyo, hata foleni iweje.

Shofere wa Ruashi

Vizuri, mdogo wangu. Isimamishe moto wima, usiilaze kwenye stendi ya pembeni, maana tanki litakudanganya. Jaza mpaka shingoni, itikise, ngoja hewa itoke, ongeza tena. Na andika kilomita kabla hujaondoka pompi, kwa kalamu, kwenye karatasi, si kichwani.